Kompyuta ndogo au kujiundia deskitopu: hesabu za mtu wa Mombasa

Ushauri mwingi kuhusu kununua kompyuta umeandikwa na watu ambao nyumba zao zina baridi, umeme wao haukatiki na kipuri wanaletewa mlangoni kesho yake. Sisi tunakaa kisiwani na kando yake. Hewa ina chumvi, mwezi wa pili na wa tatu joto linapita nyuzi 30 hata ndani ya nyumba, na kipuri kisipopatikana Digo Road au Moi Avenue inabidi kingojwe kije kwa basi la usiku kutoka Nairobi. Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue mini au ajiundie deskitopu, sianzi na kasi. Namuuliza: kitakachokufa kwanza ni nini, na utakipata wapi?

Msimamo wangu nautoa mapema ili usiutafute hadi chini. Mwanafunzi, mwalimu, mwenye duka la fotokopi na kujazia watu fomu za eCitizen, na yule anayefanya kazi za mtandaoni akiwa nyumbani, wote hao mini iliyotumika inawatosha, mradi prosesa yake, yaani ubongo wa mashine, iwe ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Pesa itakayobaki waiweke kwenye skrini nzuri na UPS, ile betri inayoishikilia kompyuta umeme ukikatika. Anayehariri video kwa riziki, anayecheza gemu nzito, au anayechora majengo ya 3D, huyo ajiundie. Kuna walio katikati, lakini ni wachache kuliko wanavyojidhania.

Tuelewane tunachokilinganisha

Mini ni kile kisanduku cha ukubwa wa kitabu kinene. Hakina betri wala skrini, na umeme unaingia kwa adapta ya nje kama ya laptopu. Sokoni ziko za namna tatu. Zilizojaa madukani kwetu ni za ofisini, zimetumika Uingereza na kwingineko Ulaya zikaletwa kwa kontena: HP EliteDesk Mini, Lenovo ThinkCentre Tiny na Dell OptiPlex Micro. Zina ujazo wa lita moja hivi, na zilitengenezwa ziwashwe asubuhi na kuzimwa jioni kwa miaka. Namna ya pili ni mpya za kutoka China, majina yake hayaishi, nyingi zikiwa na prosesa ya Intel N100 iliyotoka 2023. Hizo zinakula umeme kidogo na nguvu zake ni kidogo vilevile. Ya tatu ni Mac mini ya Apple.

Kujiundia ni kununua prosesa, mazabodi (bodi kuu inayobeba vyote), ramu (kumbukumbu ya muda), SSD (diski ya kuhifadhia faili), pawa saplai (inayogawa umeme ndani) na kasha, kila kimoja kwa uchaguzi wako, pamoja na kadi ya grafiki, ile ya kuchora picha za skrini, ukiihitaji. Unafunga mwenyewe au unamlipa fundi akufungie. Kazi ya kufunga si ngumu. Mtu mtulivu mwenye bisibisi ya kichwa cha nyota anaimaliza mchana mmoja. Hata ule umeme tuli wanaotutisha nao kwenye video za Marekani, kwa unyevu wa hewa yetu hautusumbui sana, ingawa kugusa chuma cha kasha kabla ya kushika ramu hakugharimu kitu.

Kuna mnyama wa tatu anayewachanganya watu, nami namtaja hapa ili umkwepe. Ni zile deskitopu za ofisi zilizotumika, nyembamba, za kulala, za HP au Dell. Ukiiona unadhani ni deskitopu ya kawaida, kwamba ukipata pesa utaiongezea kadi ya grafiki na pawa saplai kubwa. Fungua ndani. Kichwa cha waya wa umeme unaoingia kwenye mazabodi ni cha kampuni yenyewe, si kile cha pini 24 cha pawa saplai za dukani. Umbo la pawa saplai nalo ni lake peke yake. Kadi ya grafiki ya kawaida haiingii, inaingia ile fupi ya nusu kimo tu, na umeme wa kuilisha hautoshi. Kwa kazi za ofisi mashine hizi ni nzuri na rahisi, lakini usizinunue kwa ahadi ya kuja kuzikuza.

Umeme

Hapa mini inashinda bila mabishano. Mini ya ofisi yenye prosesa ya watti 35, zile ambazo jina linaishia na T kama i5-8500T, ikiwa umefungua barua pepe na kurasa chache za intaneti inavuta watti 10 hadi 20. Deskitopu ya kuunda isiyo na kadi ya grafiki huwa kwenye 30 hadi 50 ikitulia, na yenye kadi inapita hapo, halafu gemu likianza inaruka hadi 300 na zaidi.

Tupige hesabu ya mwezi. Chukua saa 8 kwa siku, siku 30, na tuseme yuniti moja ya tokeni inakutoka shilingi 28 ukijumlisha na makato. Kama yako ni tofauti weka yako. Mini kwa wastani wa watti 20 ni yuniti 4.8, yaani kama shilingi 134. Deskitopu yenye kadi ya grafiki kwa wastani wa watti 80 ni yuniti 19.2, kama shilingi 538. Tofauti ni shilingi 400 kwa mwezi. Hiyo haimfukarishi mtu, na sitakudanganya kwamba umeme peke yake ndio wa kukuamulia. Kijana anayecheza saa tatu kila jioni kwa watti 300 anaongeza yuniti 27, na hapo mzazi anayenunua tokeni ataanza kuuliza maswali.

Kinachouma kuliko bei ni kukatika. UPS ya kawaida ya 650VA ndani yake ina betri moja ya volti 12 na ampea 7 kwa saa, yaani watti 84 kwa saa moja kwa hesabu ya karatasi, na kwa kweli unapata kama nusu yake. Mini, skrini na ruta kwa pamoja ni watti 50 hivi. Betri ikiwa mpya unapata nusu saa na zaidi, muda wa kumaliza mkutano wa Zoom na kumuaga mteja kwa heshima. Deskitopu yenye kadi ya grafiki kwenye UPS hiyohiyo inakupa dakika za kuhifadhi faili na kuzima, na ikiwa katikati ya kazi nzito UPS inaweza kulia mara moja na kukata palepale kwa sababu mzigo umeizidi.

Kuna jambo wauzaji hawalisemi. UPS za bei nafuu, umeme wake wa betri hautoki katika wimbi laini kama la ukutani. Unatoka kwa ngazi ngazi. Baadhi ya pawa saplai za kisasa zenye mfumo wa kurekebisha mvuto wa umeme haziupendi umeme huo, zinazima pale pale UPS inapobadilisha. Mtu anadhani UPS ni mbovu, anairudisha, anapewa nyingine, inafanya vilevile. Ukijiundia, tenga pesa ya UPS ya wimbi laini, na uijumlishe kwenye bei ya deskitopu tangu siku ya kwanza. Adapta ya mini kwa kawaida haina makuu hayo, na mwenye sola ndogo nyumbani anaweza kuiendesha mini usiku kucha bila kuzima taa za watoto.

UPS au la, kati ya ukuta na kompyuta weka kile kifaa cha kuwekea friji, kinachokata umeme ukipanda au ukishuka na kungoja kidogo kabla ya kuurudisha. Umeme ukirudi baada ya kukatika ndio unaoua pawa saplai, kuliko wakati wa kukatika.

Joto, chumvi na wageni wa usiku

Katika jambo hili ndugu zetu wa Nairobi hawawezi kutushauri. Mini ina feni moja ndogo na kipande kidogo cha chuma cha kupozea. Chumba kikiwa na nyuzi 32, hewa inayoingia kupoza tayari ni ya moto, na kazi ikikaza kwa muda prosesa inajipunguzia kasi ili isiungue. Kuandika, kujaza fomu na kutazama video hutalihisi. Ukihariri video ya saa moja na kuitoa kama faili kamili utaona dakika kumi za mwanzo zinaenda mbio, kisha mwendo unalegea. Deskitopu yenye kasha pana na feni tatu haina shida hiyo; ina nafasi ya kupumua, na feni kubwa ikizunguka polepole hupiga kelele kidogo kuliko feni ndogo inayokimbia.

Lakini nafasi hiyo ya kupumua ina gharama yake. Kasha linalovuta hewa nyingi linavuta vumbi jingi na chumvi nyingi. Aliye Nyali, Bamburi au Shanzu upande wa bahari, dirisha likiwa wazi mchana kutwa kwa upepo wa kaskazi, aangalie kile kibati cha nyuma cha kasha lake baada ya mwaka: madoa ya kutu yameshaanza kwenye skrubu. Ndani nako kutu haionekani upesi, ila inafanya kazi. Siku moja unawasha mashine, feni zinazunguka, skrini giza.

Simama kwa fundi yeyote wa mjini umtazame anavyolitatua hilo. Hapimi kitu kwanza. Anaitoa ramu, anachukua raba ya mtoto wa shule, ile nyeupe, anasugua yale meno ya rangi ya dhahabu upande huu na upande huu mpaka mabaki ya raba yanakuwa meusi. Anapuliza, anaipangusa kwa kitambaa kikavu, anairudisha hadi isikike inalia kwenye kufuli zake, anawasha. Mara nyingi inawaka, na anakutoza mia tano kwa dakika tano. Jifunze kazi hiyo mwenyewe. Inafanya kazi kwenye mini vilevile, kwa kuwa mini nyingi za ofisi zinafunguliwa kwa skrubu moja nyuma.

Halafu kuna wageni. Kasha la deskitopu likiwa na nafasi ya kadi isiyofunikwa nyuma, mjusi kafiri ataingia, ndani kuna joto na ukimya, na akikanyaga mahali pasipostahili watakufa wawili, yeye na mazabodi. Mende wanapenda pawa saplai. Sisimizi watajenga popote. Ukijiundia, hakikisha kila kibati cha nyuma kiko mahali pake, na ununue kasha lenye wavu wa kuzuia vumbi unaotoka na kuoshwa. Yale makasha ya kioo mbele, yenye taa za rangi saba na tundu za kuvutia hewa nyembamba kama wembe, ni ya kupigia picha. Hapa kwetu nunua lenye wavu mbele, hata kama sura yake ni ya kazi.

Mini haina nafasi ya mjusi, ila watu wanaiua kwa njia nyingine: wanaificha. Wanaitia kwenye droo ya meza, au nyuma ya runinga ndani ya kabati lenye mlango, kwa sababu ni ndogo na inapendeza isipoonekana. Usiifungie. Ipachike nyuma ya skrini kwa kibati chake, au isimamishe wima mezani hewa ipite pande zote mbili. Na kwa kuwa mashine za kizazi cha 8 zilitoka kiwandani 2018 hivi, ile dawa ya kupitishia joto kati ya prosesa na chuma cha kupozea huenda imekauka. Kuibadilisha ni kazi ya robo saa, na tofauti utaisikia kwa sikio, feni itanyamaza.

Msimu wa masika, mwezi wa nne na wa tano, unyevu unazidi. Kompyuta inayotumika kila siku inajikausha kwa joto lake. Inayolala kabatini miezi miwili ndiyo inayoamka na maradhi.

Kikifa, unakipata wapi?

Nililoanza nalo ni hili, na jibu lake si lile watu wanalotarajia. Husemwa kwamba deskitopu inatengenezeka na mini haitengenezeki. Kwa mini mpya za China na kwa Mac mini hilo ni kweli kwa sehemu kubwa. Prosesa imechomelewa kwenye mazabodi, ramu mara nyingine nayo imechomelewa, na Mac mini ya M4 iliyotoka mwishoni mwa 2024 ukiinunua na GB 16 utazikwa nayo na GB 16. Ni mashine ya ajabu kwa utulivu na kasi, nisiinyime haki yake, ila ikipatwa na jambo ndani huna pa kuipeleka ila kwa wachache wanaozijua, na bei ya kipuri itakufanya ukae chini.

Mini za ofisi ni habari tofauti. Ramu yake ni ile fupi ya laptopu, na laptopu zilizokufa Mombasa ni nyingi kuliko zilizo hai. SSD ni ya kawaida. Prosesa inatoka kwenye soketi yake. Hata adapta, inayokufa mara nyingi kuliko kitu kingine chochote, ni ya laptopu: Lenovo Tiny inatumia ile yenye kichwa cha mstatili kama ThinkPad, na HP Mini inatumia kichwa kidogo cha bluu kama laptopu za HP. Ukizunguka mtaa mmoja unaipata. Dell ndiyo yenye nongwa kidogo, kwa kuwa inaitambua adapta isiyo ya kwake, inakuonya ukiwasha na kuipunguza kasi prosesa. Nunua ya Dell yenyewe, hata iliyotumika.

Kinachokosa tiba ni mazabodi. Ikifa hupati nyingine peke yake, unanunua mini nzima. Lakini hesabu vizuri: unaondoka na ramu yako na SSD yako yenye faili zako zote, na kisanduku kingine kilichotumika kwa kawaida hakizidi bei ya mazabodi na prosesa mpya za deskitopu. Huko si kushindwa sana.

Deskitopu ya kuunda, kila kiungo kina mbadala. Pawa saplai yoyote ya kipimo cha ATX inaingia. Tatizo ni kwamba mbadala huo hauko Mombasa kila siku. Maduka yetu yamejaa laptopu, printa, wino na mashine za ofisi. Kadi ya grafiki ya maana na mazabodi ya soketi unayoitaka, AM4, AM5 au LGA1700, mara nyingi vinaagizwa Nairobi na kuja kwa basi, au unamsubiri binamu anayerudi kutoka Dubai. Kwa binamu agiza prosesa, ramu na SSD, ni vitu vinavyokaa mfukoni mwa koti. Kasha na pawa saplai usimtese, nunua hapa.

Garantii nayo. Kwenye mini dukani kuna mtu mmoja wa kumrudia. Kwenye deskitopu uliyokusanya kwa wauzaji wanne, mwenye ramu atakwambia ni mazabodi, mwenye mazabodi atakwambia ni pawa saplai, na mwenye pawa saplai atakuuliza kama nyumbani kwako umeme uko sawa. Ukiweza, nunua mazabodi, prosesa na ramu duka moja, na uombe viwashwe mbele yako kabla ya kulipa.

Bei, na jambo lililobadilika

Bei zinapanda na kushuka, kwa hivyo nitakupa mipaka ninayoitumia mimi nikishauri watu, bila skrini. Chini ya elfu 35, usijiundie. Utanunua vitu vya chini kila upande, pawa saplai ya bei ya kutia shaka, na mini ya ofisi ya pesa hiyo itakushinda kila kitu isipokuwa kelele. Kati ya elfu 35 na elfu 80 inategemea kazi, na mara nyingi jibu bado ni mini nzuri ya kizazi cha 10 au 12 pamoja na diski ya nje ya kuhifadhia. Kupita elfu 80 ndipo kujiundia kunaanza kukulipa.

Kilichobadilika ni ramu. Kuanzia mwishoni mwa 2025 bei ya ramu ilipanda vibaya dunia nzima, kwa sababu viwanda vinavyoitengeneza vinawahudumia kwanza wenye vituo vikubwa vya data vya akili mnemba. Desemba 2025 Micron ilitangaza kuachana na jina lake la Crucial, lile lililokuwa likiuza ramu na SSD kwa watu wa kawaida kama sisi. Aliyezoea kujiundia kwa kusema ramu nitaongeza baadaye, mchezo huo umeharibika. Mini iliyotumika inakuja na ramu yake ndani, iliyonunuliwa zamani kwa bei ya zamani. Ukikuta yenye GB 16 tayari, ithamini kuliko yenye prosesa ya juu kidogo na GB 8.

Na kuna Windows. Msaada wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka, kwa Intel, kizazi cha 8 kwenda juu isipokuwa chache sana, pamoja na TPM 2.0, kijisehemu cha usalama ndani ya mashine. Ndiyo sababu ya mstari wangu wa kizazi cha 8. Tazama tarakimu baada ya kistari: i5-7500T ni ya 7, i5-8500T ni ya 8. Kwa majina ya mashine, EliteDesk 800 G3, ThinkCentre M710q na OptiPlex 3050 ziko upande wa zamani. EliteDesk 800 G4, ThinkCentre M720q na OptiPlex 3060 zimevuka. Muuzaji atakuwashia Windows 11 kwenye ya zamani uione kwa macho yako, na ni kweli inawaka, imepenyezwa kwa mlango wa nyuma. Microsoft haijakuahidi masasisho ya huko mbele. Ukiwa mtu wa Linux, ya zamani ichukue na umpige bei.

Mini za ofisi mara nyingi zina leseni halali ya Windows Pro iliyokaa ndani ya mashine. Deskitopu uliyoiunda haina. Ama unanunua, ama unatumia Ubuntu, ama unamwachia kijana wa flashi akuwekee ya wizi yenye virusi.

Mwenye kamera za harusi

Kuna kazi moja hapa kwetu ambayo inastahili kuelezwa kwa urefu, kwa sababu inawalisha wengi na ndiyo hoja kubwa ya kujiundia. Harusi ya Mombasa haina siku moja. Kuna nikaha, kuna kupamba, kuna kesha, na kila shughuli ina kamera mbili au tatu. Shughuli za wanawake zinapigwa na wanawake na kuhaririwa na wanawake, nyumbani, na wenye harusi wanataka hakikisho kwamba picha zao hazitapanda intaneti hata kwa bahati mbaya. Habari ya kuhifadhi faili kwenye wingu hapo haipo. Kila kitu lazima kikae kwenye diski ndani ya chumba chenye kufuli.

Sasa piga hesabu. Video ya 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde inakula GB 45 kwa saa moja. Kamera tatu, saa nne, ni GB 540, na hiyo ni shughuli moja. Mini ina nafasi ya SSD moja au mbili, nyingine pamoja na diski ndogo ya inchi 2.5. Utaishi kwa diski za nje, kila moja na waya wake, na siku mtoto atakapopita mbio akivuta waya mmoja utajua hasara yake. Kasha la deskitopu linabeba diski mbili tatu kubwa za ndani bila kutikisika.

Ila kabla hujakimbilia kadi ya grafiki ghali, angalia kamera yako inarekodi nini. Kamera nyingi za kisasa zinarekodi kwa H.265, mfumo wa kubana video, ya biti 10 na mtindo wa kuhifadhi rangi wa 4:2:2. Kadi za NVIDIA za kabla ya kizazi cha RTX 50, kilichoanza 2025, haziwezi kuifungua video hiyo kwa vifaa vyake, ilhali grafiki iliyomo ndani ya prosesa za Intel za kizazi cha 11 kwenda juu inaifungua bila kuhema. Yaani mhariri mwenye i5 ya kizazi cha 12 bila kadi yoyote anaweza kuipeleka video mbele na nyuma kwa wepesi kuliko jirani yake aliyetoa elfu 60 kwa kadi ya zamani. Hapo pana mtego: prosesa zinazoishia na herufi F, kama i5-12400F, ni rahisi kidogo kwa sababu hazina grafiki ndani. Mhariri asizinunue.

Kwa gemu, mini za ofisi zisahau. Kadi ya grafiki ndiyo gemu, na nafasi yake ni kwenye deskitopu. Kama kijana anataka mpira tu na wenzake jioni, PlayStation iliyotumika itakutoka rahisi kuliko vyote hivi, na ugomvi wa tokeni utabaki palepale.

Ukiamua mini, kabla ya kutoa pesa

Mwombe muuzaji aingie kwenye BIOS, ile mipangilio inayofunguka kabla ya Windows, mbele yako. Mashine za makampuni wakati mwingine zina nenosiri la msimamizi lililoachwa humo, na bila hilo hubadilishi kitu. Uliza kama ina kadi ya Wi-Fi. Nyingi za ofisini zilikuwa za waya na hazina. Angalia nyuma: nyingi zina tundu la skrini la DisplayPort bila HDMI, na waya wa kubadilisha ni gharama nyingine ndogo inayosahaulika. Chezesha video ya YouTube kwa ubora wa juu kabisa kwa muda wa kunywa chai, kisha weka kiganja juu ya kifuniko na usikilize feni. Ikiwa inanguruma kama ambayo haijawahi kufunguliwa tangu itoke Uingereza, mwambie ashushe bei au aisafishe. Adapta ishike mkononi usome maandishi yake. 65 au 90 za watti zinatosha kwa nyingi.

Na kuibeba? Mini inaingia kwenye mkoba wa bega, unavuka nayo feri ya Likoni huku umeshika kitu kingine. Deskitopu ni safari ya tuktuk, na kama ina kadi nzito ya grafiki itoe kabla ya kupanda, kwa sababu barabara zetu zitaining'oa kwenye soketi yake.

Yule wa katikati, anayejua kwamba baadaye atataka nguvu lakini leo hana pesa, aanze na mini akiwa na mpango. Anunue SSD nzuri ya M.2, ile bapa inayochomekwa moja kwa moja kwenye mazabodi, skrini nzuri, kibodi na UPS ya wimbi laini, kwa sababu vyote hivyo vitahamia kwenye deskitopu siku akiiunda. Ramu ndiyo haitahama. Ya mini ni ile fupi ya laptopu, haiingii kwenye mazabodi ya deskitopu, kwa hivyo iuze na kisanduku chake, au kama ni GB 32 itoe, weka 8 ndani, na hizo kubwa mpelekee fundi wa laptopu. Kwa bei za sasa hatakuuliza umezitoa wapi, atakuuliza kama una nyingine.